Naomba ushauri: namna ya kufundisha dawa zinazozuia bakteria kutengeneza protini

Ndugu mliobobea katika famasia na baiolojia, ninaandaa somo la antibiotiki kwa wanafunzi wa stashahada, na sehemu ya dawa zinazoshambulia ribosomu (mashine za seli zinazotengeneza protini) imenikwamisha.

Kwa nini dawa hizi hazidhuru sana seli zetu si vigumu kueleza: ribosomu ya bakteria ni ya 70S (S ni kipimo cha kasi ya chembe kuzama inapozungushwa kwa nguvu), yenye vipande vya 30S na 50S, ilhali ya kwetu ni ya 80S. Doksisaiklini hushika 30S na kuzuia tRNA (molekuli ya kubebea) isilete asidi amino mpya, yaani kijenzi cha protini. Erithromaisini huziba njia ya kutokea mnyororo wa protini ndani ya 50S. Kloramfenikoli huzuia asidi amino zisiungane. Zote tatu kwa kawaida hudumaza bakteria bila kuwaua. Ugumu unaanzia kwenye jentamaisini, ambayo nayo hushika 30S lakini huua, kwa kuwa huifanya ribosomu isome vibaya ujumbe wa mRNA (nakala ya maagizo ya jeni) na kutoa protini zenye kasoro, ambazo baadhi hujipachika kwenye utando wa seli na kuuharibu.

Je, nianze na mahali dawa inaposhika, kama vitabu vingi vinavyofanya, au na tofauti ya kudumaza na kuua? Binafsi naegemea hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayomhusu mgonjwa. Tena, je, nitaje papo hapo kwamba mitokondria zetu (vinu vya nishati vya seli) zina ribosomu zinazofanana na za bakteria, ili ieleweke kwa nini kloramfenikoli huweza kudhoofisha uboho, au niliache jambo hilo hadi somo la madhara ya dawa?