Okidi ya waridi Kitulo: ni Disa au Satyrium?

Nyasi Fupi: Wakuu, naomba msaada. Uwanda wa Kitulo, Februari, kando ya kijito, ardhi chepechepe. Shina moja wima, kama sentimeta 60, na maua madogo ya waridi yamebanana juu. Okidi za rangi ya chungwa zilizo jirani naambiwa ni Disa. Je, na hii? Picha nilizonazo ni za mbele tu.

Mgongo wa Ua: Mkuu, za mbele hazitoshi. Usilichume; inama ulitazame ua kwa nyuma, uhesabu vijimkia, ile mirija ya nekta. Vikiwa viwili, vinaning'inia sambamba na ovari (sehemu ya ua inayokuja kuwa tunda), hiyo ni Satyrium. Kikiwa kimoja, kinatoka kwenye sepali (jani la nje la ua) ya juu iliyojikunja kama kofia, ni Disa. Kimoja kinachotoka kwenye mdomo wa ua (ile petali iliyo tofauti na nyingine), upande wa chini, kitazame kama Habenaria, ingawa nyingi za hizo ni za kijani au nyeupe. Rangi isikuongoze: zipo Satyrium za chungwa na Disa za waridi.

Chagua ua la katikati ya shada. Ya juu bado machanga, mikia haijarefuka. Ya chini yameshanyauka. Baadhi ya Satyrium zina pia vifuko vidogo sana karibu na mikia. Usivihesabu.

Lenzi Mkononi: Naongezea. Kwenye Satyrium mdomo uko juu na ndio unaofanya kofia, kwa hiyo mikia yote miwili inaanzia hapo. Ukishapata jenasi (kundi, kama Disa au Satyrium), weka rula ubavuni mwa ua upige picha: urefu wa mkia ukilinganishwa na ovari ni muhimu. Halafu shuka chini. Wengi hukata picha juu ya majani, na hapo ndipo spishi (aina yenyewe ndani ya jenasi) inapopotea. Majani yako kwenye shina lenye maua, yamelala chini, au yamechipua pembeni peke yake? Kwa ardhi hiyo ningeanza na Satyrium crassicaule, mpenzi wa chepechepe; S. neglectum hukaa zaidi kwenye nyasi zisizotuamisha maji. Jina usiliandike kabla ya vipimo.

Kiazi Kibaki: Na tafadhali asichimbe mtu ili "kuhakikisha". Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na viazi vya okidi vilivyo ardhini havitakuonyesha spishi. Kimoja kimelisha shina la mwaka huu, kingine ni cha mwakani. Ukiving'oa mmea umekwisha. Viazi hivi huvushwa hadi Zambia kupikiwa chikanda (chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi), kwa hiyo ukipandisha picha, futa kwanza alama za GPS.