Tasnifu ya MMed: ifutwe au ibaki?

Mleta mada: Wakuu, naandika kinachosemwa kila siku madaktari wakinywa chai. Tasnifu ya MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, kwa namna wengi wetu tunavyoifanya, haimfundishi mtu utafiti. Unavuta mafaili ya miaka miwili, unamlipa kijana wa SPSS (programu ya takwimu), unachapa, unapeleka kwenye jalada gumu, kwisha. Napendekeza ifutwe, badala yake kila daktari afundishwe mbinu za epidemiolojia (elimu ya magonjwa katika makundi ya watu) akiwa wodini: swali linatungwaje, nani alinganishwe na nani, matokeo yahesabiwe lini.

Anayeona hili ni anasa akumbuke utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa kura, wengine walipewa bolasi, yaani maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine wakabaki na dripu ya kawaida. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa bolasi ya albumini (protini ya damu) na 10.5 ya waliopewa ya maji ya chumvi. Wasiopewa bolasi, 7.3. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba saa moja ya kwanza, waliopewa bolasi ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Daktari mzoefu aliyesimama pale kitandani angeapa kwamba dawa imefanya kazi.

Daktari wa wilaya: Mkuu, mfano wako unakupinga mwenyewe. FEAST ilikuwa na timu, fedha, watakwimu, na kamati huru iliyosimamisha uandikishaji kabla ya wakati. Mimi zamu ya usiku niko peke yangu na wodi mbili. Nifundishe kusoma utafiti, nitakushukuru. Kuufanya waachie wenye kazi yao.

Mtakwimu: Hao "wenye kazi yao" ndio sisi, na tumechoka. Daktari anakuja na data zilizokwisha kusanywa, anataka p, namba inayotumika kuamua kama matokeo yana uzito kitakwimu, iwe chini ya 0.05 kufikia Ijumaa. Kuna mmoja aliniletea jedwali linaloonyesha kwamba wagonjwa wa nimonia waliowekewa oksijeni walikufa zaidi ya wasiowekewa. Alikuwa tayari kuandika kwamba oksijeni ina madhara! Nikamuuliza, nani anawekewa oksijeni wodini kwako? Akanyamaza, kisha akacheka mwenyewe. Anawekewa aliyezidiwa. Jibu hilo analo yeye, si mimi; mimi wodini sijawahi kulala zamu. Dokta wa wilaya, ndiyo maana huwezi kutuachia sisi tu.

Intani: Nauliza tu: yule angegawa wagonjwa kulingana na kiwango cha oksijeni walipofika, si ingetosha?

Mtakwimu: Ingesaidia sana, dogo. Lakini nusu ya mafaili hayakuwa na kipimo cha wakati wa kufika. Na huenda yale yasiyo na kipimo ni ya wale waliofika mahututi, watu wakakimbilia kuokoa kwanza. Pengo lenyewe limeegemea upande mmoja.

Daktari wa wilaya: Hapo umenigusa. Kwetu saa ya kufika haiandikwi kabisa, inaandikwa tarehe.

Mleta mada: Sasa tunaongea. Nalegeza: tasnifu isifutwe, ila wanafunzi watano washike swali moja, waanze na fomu ya kupokea wagonjwa, wakusanye kwenda mbele badala ya kufukua mafaili.

Daktari wa wilaya: Na jina la kwanza kwenye chapisho liwe la nani kati ya hao watano? Chuo kinataka tasnifu ya mtu mmoja. Hilo ndilo litakaloua wazo lako, mkuu, si epidemiolojia. Fomu lakini nitumie, kesho nina zamu.