Fundi wa injini nataka kuingia kwenye haibridi: mashine au shule?

Spana17, Morogoro
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi wa Toyota, injini na gia boksi, cheti cha VETA ninacho. Siku hizi haibridi kama Aqua na Prius, zile za petroli na umeme, zinakuja gereji na nazirudisha, hela inapita naiona. Kuna jamaa anauza mashine ya kupimia, ile inayosoma makosa ya gari, anasema nikiwa nayo kozi ya nini. Mnashauri nini? Na kozi ya kweli nitaijuaje?

Mtoto wa Ilala
Mkuu, waya wa chungwa ule wa umeme mkubwa haukurushi, unaitisha tanga moja kwa moja 😂

Mama Inverta
Usimtishe mwenzako. Kaka Spana, mimi hii ndiyo kazi yangu na vijana nawafundisha, nisikilize.

Mashine itakusomea namba ya kosa P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Haitakuambia kwamba kilichoichosha ni njia ya hewa ya feni pembeni ya siti ya nyuma, imeziba vumbi na nyuzi za mazulia. Mteja anauziwa betri, feni inaachwa vilevile, na hiyo mpya nayo inaanza kuchemka. Shule kwanza.

Kozi nzuri inaanza na kuzima umeme, na unarudia hadi mwalimu akuchoke. Funguo iwe mbali na gari, toa hasi ya betri ndogo, vaa glavu, chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na uitie MFUKONI mwako, asije mtu akairudisha ukiwa umeinama. Subiri dakika 10 kapasita za inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, zimalize chaji. Kisha pima: mita ianze kwenye betri ya volti 12 uone inasoma, iende kwenye inverta ikupe sifuri, irudi tena kwenye ile ya 12. Sifuri ya mita mbovu ndiyo inayoua.

Glavu ni za mpira daraja 0, za volti 1000, na juu yake za ngozi. Kabla hujavaa, ikunje kuanzia mdomoni hewa ikimbilie vidoleni, isogeze sikioni. Ikitoa "sss" hata kidogo, hiyo kaoshee gari.

Wengi wanateleza hapa: plagi ikishatoka, ndani ya betri umeme bado upo. Prius ya 2010 ina moduli 28 za volti 7.2, jumla kama 201, na plagi inaukata mnyororo tu. Inverta ndiyo inayopandisha hadi 650. Waingereza kupitia IMI, taasisi yao ya sekta ya magari, wamegawa mafunzo haya ngazi 4, na kazi kwenye mfumo wenye umeme wameiweka ya mwisho. Wewe lenga ya tatu, kutengeneza mfumo uliozimwa. Kufungua betri kutakuja.

Anza kuuliza chuo cha VETA kilicho karibu. Popote watakapokuambia kozi ipo, uliza: gari la kufungua lipo? Tuko wangapi kwa gari moja? Wakijibu kwa slaidi, shika njia.

Spana17, Morogoro
Shikamoo dada, umenifungua macho. Je, AC naweza kuendelea nazo? Kujaza gesi nimezoea.

Mama Inverta
Marahaba. Hapo hapo ndipo penye mtego! Kompresa ya haibridi inazungushwa na mota iliyo ndani yake, oili inagusana na nyaya za mota. Toyota wanatumia oili ya ND-11. Ile oili ya PAG ya kompresa za mkanda ikiingia, inapunguza uwezo wa kuzuia umeme kuvuja kwenda kwenye bodi, taa zinawaka na unasoma P0AA6. Mteja alikuja kwa joto, anaondoka na kompresa ya kununua. Mashine yako ya gesi ina mabaki ya PAG kwenye mipira, kwa hiyo haibridi usiifunge humo. Tafuta seti nyingine ya geji na mipira, iandike kwa maka peni, na msaidizi wako asiiguse kwa gari lingine.

Mtoto wa Ilala
Dada, kozi zako zinafanyika wapi? Naulizia rafiki yangu 😅