Tupeane uzoefu: siku za kusubiri majibu ya picha ya maziwa

Mkunga Mstaafu, Unguja

Asalam alaikum ndugu zangu. Nataka tuzungumze zile siku baina ya kutoka chumba cha picha ya maziwa (mamogramu, yaani eksirei ya matiti ya kutafuta saratani) na kupewa majibu. Nakusudia mwanamke aliyekwenda kupimwa akiwa mzima, hana kivimbe wala maumivu. Huyo aliyekwenda kwa miguu yake bila ya kuumwa ndiye mara nyingi anayerudi nyumbani na wahka ambao hakutoka nao. Wenye ujuzi waseme cha kufanya. Habari za msiba wa fulani na fulani tuziache, zinawatia watu khofu bure.

Naanza mimi. Kabla hujajitanda ukaondoka, uliza mambo manne: majibu yatatoka siku gani, yatatolewa dirisha gani au na daktari gani, nije mwenyewe au nitapigiwa simu, na nikifika siku hiyo hayapo nimuulize nani. Yaandike nyuma ya kadi. "Tutakupigia" usiikubali hivi hivi, omba tarehe. Asiye na tarehe husubiri kila simu inayolia, na aliyeambiwa Alkhamisi akili yake hupata pa kupumzika mpaka Alkhamisi.

Hakikisha pia majina yako yote matatu na namba ya usajili vimeandikwa sawasawa kwenye fomu. Kwetu akina Fatma Ali na Mwanaisha Juma wamejaa, na karatasi ya mtu kuingia faili la mwenzake ni kosa linalotokea. Namba ya simu toa ile unayoishika mwenyewe. Ukitoa ya mume au ya kaka, hakikisha anajua kwamba umepimwa, ama sivyo ataulizwa jambo asilolijua na habari itakufikia imeshapita midomo mitatu.

Mpiga Picha, Mjini

Bi Mkunga umesema kweli. Mimi niongeze yanayotokea chumbani kwetu, maana wahka mwingi unaanzia pale pale.

Picha ya kawaida ni nne: kila ziwa mbili, moja ya kutoka juu na moja ya ubavuni kwa mshazari inayofika mpaka kwapani. Ukirudishwa kwenye mashine kwa picha ya tano au ya sita, sababu za kawaida ni kuwa ulipumua au ulitikisika, ziwa halikubanwa vya kutosha, au sehemu ya nyuma karibu na kifua haikuingia. Usimsome uso mpiga picha. Yeye kazi yake ni picha iwe safi, anayeisoma ni daktari wa radiolojia, tena mara nyingi baadaye, mgonjwa akiwa ameshaondoka.

Siku ya kupigwa usipake poda, mafuta mazito wala dawa ya kwapa. Chembe za madini zilizomo hujitokeza kwenye picha kama vidoti vyeupe vinavyofanana na vile vya chokaa inayojijenga ndani ya ziwa, na mtu huitwa arudie kwa ajili ya poda. Kama bado unapata hedhi, nenda wiki moja baada ya kuanza damu, maziwa yanakuwa hayaumi sana. Na ile mionzi wanayoiogopa wengi ni kidogo: picha zote nne ni kama mionzi ya asili ambayo mwili hupata kwa wiki saba hivi za kuishi tu.

Sasa kuitwa tena, ambako ndiko kunakowavunja watu miguu. Marekani, wanawake kama 10 katika kila 100 huitwa tena baada ya picha ya kawaida, na katika hao walioitwa, chini ya mmoja katika kila 10 ndiye anayekutwa na saratani. Uingereza huitwa kama 4 katika 100, na mmoja katika hao wanne ndiye anayekutwa nayo. Picha ya kwanza maishani ndiyo inayorudisha watu zaidi, kwa sababu daktari hana ya zamani ya kulinganisha, na wengi wanaopimwa kwetu ndiyo picha yao ya kwanza. Nyama ya ziwa ikilaliana huonekana kama kivimbe. Likibanwa sehemu ile peke yake, au likipimwa kwa altrasaundi, mara nyingi kivuli hupotea au huonekana ni kifuko cha maji.

Jambo jingine. Kwenye ripoti kuna namba ya BI-RADS, ambayo daktari huitumia kuonesha shaka ya saratani ni kiasi gani, na watu huisoma vibaya wakiwa peke yao njiani. Sifuri maana yake uchunguzi haujakamilika, zinatakiwa picha zaidi, basi. Moja ni hakuna kitu. Mbili ni kitu kimeonekana na hakina madhara. Tatu ni karibu hakika si saratani, uwezekano wake hauzidi 2 katika 100, na huambiwa urudi baada ya miezi sita. Nne maana yake ichukuliwe nyama ipimwe. Hiyo nne si hatua ya nne ya saratani. Ni kundi pana mno, kuna walio karibu na 2 katika 100 na walio karibu na 95, na kwa hivyo muulize daktari: nne ipi, ya chini au ya juu? Tano ndiyo shaka kubwa, 95 katika 100 na kuendelea.

Mpemba wa Chake

Sabalkheri nyote. Swali: anayetoka Pemba akapimwa Unguja afanyeje? Nauli ya boti kwenda na kurudi kwa ajili ya karatasi moja ni mzigo.

Mkunga Mstaafu, Unguja

Mwanangu, hilo limalizwe siku ile ile ya picha. Muulize daktari kama ripoti inaweza kupelekwa kwa daktari wa Chake au wa Mkoani akusomee yeye. Kama haiwezekani, mwachie jamaa wa Unguja barua yenye saini yako pamoja na nakala ya kitambulisho chako, lakini kwanza uliza kama wanakubali mtu wa pili kuchukua. Jamaa huyo asiifungue wala asiisome simuni. Aitume tu. Na kama utavuka mwenyewe nyakati za kusi, usiweke miadi asubuhi ya siku ile ile ya kuvuka. Boti ikiahirishwa utapoteza zamu, na wahka utapata wiki nyingine ya kukaa.

Mtu wa Maabara

Walioishia kuchukuliwa nyama wana msubirio wao, mrefu zaidi, na wengi hudhani majibu yakichelewa ndiyo mabaya. Sikilizeni nyama inapitia wapi.

Kinyama kinatiwa kwenye formalini, inayotakiwa ndani ya saa moja. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kama kitapimwa vipokezi vya homoni, yaani kuangalia kama chembe zake zinaitikia homoni. Kitolewe maji, kizamishwe ndani ya nta, kazi ambayo kwa kawaida huchukua usiku mzima. Kikatwe vipande vyembamba, unene wake sehemu 3 mpaka 5 ukiigawa milimita moja mara elfu, kitiwe rangi, ndipo daktari wa patholojia akiangalie kwa darubini. Hapo akitaka vipande vingine au rangi ya ziada, zinaongezeka siku. Kuna vinyama vya uvimbe usio na madhara hata kidogo vinavyohitaji rangi ya ziada ili daktari aandike bila ya shaka. Zaidi ya hapo kuna Idi mbili, kuna sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 Januari, kuna dawa ya rangi iliyokwisha stoo, kuna daktari mmoja mwenye trei nyingi mbele yake. Kuchelewa hakukwambii kilichoandikwa.

Lakini upande wa pili nao ushikeni: kimya si majibu mazuri. Siku uliyopewa ikipita, kesho yake asubuhi nenda ukaulize. Fomu hupotea, simu huandikwa tarakimu moja vibaya. Wapo wanaosema "wangeona kitu wangeniita" wakakaa mwaka. Hilo msilifanye.

Palipochomwa sindano patavilia damu na kuuma siku chache. Barafu ndani ya kitambaa dakika kumi kumi, sidiria inayobana vizuri usiku na mchana, panadoli, na ndoo za maji abebe mwengine siku mbili za mwanzo.

Mshauri Nasaha

Nami naja kwenye nafsi yenyewe, maana mtu anaweza kuyajua yote hayo na bado usiku moyo ukamwenda mbio.

Pumzi. Kaa, mkono tumboni, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita, dakika tano. Kazi iko kwenye kutoa, ndiko kunakotuliza moyo. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa haraka haraka: hewa chafu hutoka mwilini kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafa ganzi, na mtu anadhani ugonjwa umeshafika. Ukiona hivyo punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze. Anayesoma adhkari kwa sauti ya chini bila ya haraka anapata faida ile ile, kwa sababu kila neno linarefusha pumzi inayotoka.

Wahka upewe saa yake. Baada ya alasiri, dakika ishirini, kalamu na karatasi, andika kila unaloogopa. Likikujia saa nne ya usiku, liambie lina saa yake kesho. Siku za mwanzo halisikii, hiyo ni kawaida, endelea. Usiweke saa hiyo baada ya isha, utalala nalo.

Kahawa ya jioni iacheni kwa siku hizo. Muda wa saa tano tangu uinywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini, na moyo unaokwenda mbio kwa kahawa hausemi kuwa ni wa kahawa. Ukikosa usingizi dakika ishirini, inuka, kaa penye mwanga hafifu, rudi kitandani ukisinzia. Diazepamu ya jirani usiimeze: inalewesha, na mwili huizoea upesi.

Na acheni kulibinyabinya ziwa kila ukiingia kuoga. Ziwa la kawaida lina mafundomafundo yake, ukilibonyeza mara kumi kwa siku litauma, na maumivu hayo utayahesabu kuwa ni dalili. Ila ukiona uvimbe mpya usioondoka, chuchu kutoa damu, ngozi kubonyea au kuwa nyekundu, hapo usisubiri tarehe. Rudi hospitali.

Usiku kadhaa bila ya usingizi, chakula hakipiti, watoto huwezi kuwaangalia, au yanakuja mawazo ya kujidhuru: hilo limeshapita wahka wa kusubiri, nenda ukatibiwe. Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, hawaendi waliorukwa na akili peke yao. Anayekwenda mapema kwa ajili ya usingizi ndiye anayetibika upesi.

Umm Zuhura

Kwa jamaa wa nyumbani. Usimwambie "usijali", kwani hawezi. Usimtajie nani alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mchukulie watoto chuoni, mpikie siku mbili, na siku ya majibu fuatana naye ukae pembeni yake uandike, maana aliye na khofu husikia neno la kwanza tu. Maswali yawe matatu: mmeona nini, kinafuata kipimo gani na lini, nikiwa na shaka nimpigie nani.

Na hijama au dawa ya moto juu ya ziwa ingojeni majibu. Damu iliyovilia ndani huonekana kwenye picha ya kurudia kama kivimbe, na daktari hawezi kujua imetoka wapi. Dua haina wakati wa kungojwa, hiyo isomwe usiku na mchana.

Mpemba wa Chake

Ahsanteni. Na majibu yakitoka safi, zile picha nizirudishe?

Mpiga Picha, Mjini

Usirudishe, ni zako. Filamu zilaze bapa ndani ya bahasha yake, mbali na jua na unyevu, kabati la nguo linafaa. Kama ni sidi, iandike jina na tarehe, na omba nakala ya pili. Kipimo kijacho nenda nazo, hata kama hospitali ni nyingine. Na usiondoke dirishani bila ya kuambiwa urudi lini kupimwa tena.