Mliosema "weka 4.2 tu mkuu, haina shida", njooni hapa tuelewane

Wakuu, leo salamu fupi. Nimenyamaza wiki tatu, nimemeza, sasa imefika shingoni.

Mwezi uliopita nilifungua uzi humu nikiomba msaada wa kuovakloki prosesa yangu, Ryzen 5 2600, yaani kuikimbiza kuliko mwendo iliotoka nao kiwandani. Hiyo 4.2 ni gigahazi mlizosema niifikishe. Mlichangia wengi, tena kwa mbwembwe. Leo nimekuja kuwaeleza michango yenu ilinifikisha wapi. Mwenye "pole mkuu" yake akae nayo.

Kwa asiyenijua, mimi nahariri video za shughuli: harusi, send-off, kipaimara, mara mojamoja msiba. Video ya ukumbini ya saa moja na nusu ilikuwa inanichukua dakika 72 kurenda, yaani kompyuta kutoa faili la mwisho la kumpa mteja. Ukiwa na shughuli tatu za Jumamosi moja, na kila mama anataka yake Jumatatu, dakika 72 ni adhabu. Hela ya prosesa mpya sina. Nikasema basi, niikamue hii niliyonayo.

Kompyuta yenyewe nilikuwa ndiyo kwanza nimeiunga upya. Nilimuuliza kijana wa dukani Kariakoo kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla sijatoa hata senti: hii mazabodi inakubali kuovakloki? Akajibu bila kugusa boksi: "Boss, Ryzen zote zinakubali. Hii utaitesa unavyotaka." Kwa upande wa prosesa hakusema uongo, AMD, wanaozitengeneza, hii Ryzen yangu wameiacha wazi. Ila bodi aliyonipa ni ya chipseti (chipu ya bodi inayoamua bodi inaruhusu nini) ya A320, na A320 ndiyo ile ya chini ambayo kuovakloki prosesa hairuhusiwi kabisa. Yaani nimeuziwa basi lenye injini ya kufika Mwanza saa nane mchana, halafu limefungwa spidi gavana, na aliyeniuzia anajua.

Siku mbili sikulala. Nimepekua BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi kabla Windows haijafunguka, ukurasa kwa ukurasa natafuta mahali pa kubadilisha ratio, ile namba inayozidishwa kupata mwendo wa prosesa. Hakuna. Nikaandika humu: wakuu, mbona sioni sehemu ya ratio? Mmoja akajibu, "angalia vizuri." Mwingine, "apdeti BIOS." Nikaapdeti! Saa moja jioni, Kimara, sina UPS, najua kabisa kwamba umeme ukikatika katikati ya ile kazi bodi inageuka sahani ya kuwekea vitumbua. Dakika zile nne nilisali sala ambazo sijasali tangu mtihani wa kidato cha nne. Ikamaliza salama, na ratio bado haipo, kwa sababu haikuwahi kuwepo.

Kulikuwa na swali moja tu la kuniuliza, la sekunde tano: bodi yako chipseti gani? Kurasa tatu za uzi, hakuna aliyeuliza.

Nikarudi Kariakoo, nimepanda mwendokasi nimeipakata keisi kama mtoto mgonjwa. Kijana yuleyule akaniambia, "Ah, boss, kumbe ulikuwa unataka ya kuovakloki?" Nikamwangalia tu. Bodi aliyoniuzia 140,000 siku tisa nyuma akaihesabu 50,000, nikaongeza 120,000 juu yake, nikatoka na ya B450. Hiyo inakubali. Hasira za dukani nitaziandikia uzi wake.

Sasa ndiyo tuje kwenu.

Mliniambia 4.2. Mmoja aliandika hivi, bado ninayo: "4.2 ni ya kitoto mkuu, weka ratio 42, volti acha Auto, itajipanga yenyewe." Hesabu ni rahisi, kila mtu anaijua: msingi ni megahazi 100, mara 42, unapata 4,200, ndiyo gigahazi 4.2. Nikaweka. Usiku huohuo, kwa kuwa nilishakuwa kwenye BIOS na mtu mwingine alisema "na RAM nayo iwashie XMP, usiiache imelala", nikaiwasha. XMP ni swichi ya kuikimbiza RAM, yaani memori, kwa mwendo ulioandikwa kwenye profaili yake. Shikeni hapo, tutarudi.

Nikaseivu. Ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Mara ya tatu ikawaka feni zikaenda mbio zote, skrini nyeusi tii. Hata BIOS hauingii. Nikauliza humu, nikaambiwa "clear CMOS", yaani futa mipangilio ya BIOS irudi ya mwanzo, bila neno jingine, kama vile mimi nilizaliwa najua. Nimejifunza kwa kusoma kijitabu cha bodi chenye herufi za ukubwa wa mchanga: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia umeme uliobaki uishe, halafu gusanisha pini mbili zilizo karibu na betri. Jampa sina. Nikatumia ncha ya bisibisi. Pini zenyewe ziko chini kabisa, zimezibwa na kadi ya picha, mkono mmoja umeshika bisibisi, wa pili umesukuma nyaya za feni pembeni, na tochi ni simu niliyoing'ata kwa meno. Mate yanadondoka kwenye keisi. Na simu ikalia ikiwa mdomoni! Mama wa bibi harusi. "Mwanangu, ile video vipi?"

Ikafufuka. Nikashuka kwenye 4.1, volti 1.4 ya kuandika mwenyewe, XMP nikairudisha vilevile maana niliona haina kosa. Windows ikafunguka. Hapo nakiri nami niliingia ujinga: nikapiga skrinishoti ya CPU-Z, programu ya kusoma mwendo wa prosesa, inayoonyesha 4.1, nikaiweka humu, mkanimwagia pongezi, "karibu chamani". Wakuu, skrinishoti ya CPU-Z kompyuta ikiwa imekaa haina kazi si ushahidi wa kitu. Ni sawa na kupiga picha umekaa kwenye gari ambalo halijawashwa. Nimezipitia picha zenu zote kwenye ule uzi. Hakuna hata moja yenye Prime95 inayokimbia, wala Cinebench, zile programu za kuibebesha prosesa mzigo wote, wala joto la prosesa. Namba tu, na picha ya nyuma ya skrini yenye gari jekundu.

Nikaweka harusi kwenye foleni. Asilimia 61, skrini ya bluu. Nikarudia. Asilimia 18, bluu. Nikarudia ikafika 94, nikaanza hadi kutabasamu, programu ikajifunga yenyewe bila kuaga. Nikapiga picha ya skrini ya bluu, nikaileta humu. Mnakumbuka ilikuwa imeandikwa nini chini? Wala haikuwa imejificha. MEMORY_MANAGEMENT. Kwa herufi kubwa! Kompyuta yenyewe inasema jamani ninaumwa hapa kwenye memori. Na watu sita, nimewahesabu, sita, wakajibu: ongeza volti. 1.42. 1.45. Mmoja akasema hata 1.5 haiui.

Nikaongeza mpaka 1.45. Nisiwafiche, niliwaamini. Joto likagonga 95, na 95 ndiyo mwisho wa prosesa hii, ikifika hapo inajipunguzia mwendo ili isife. Kwa hiyo nimeongeza volti, nimenunua umeme zaidi wa LUKU, chumba kimekuwa tanuri, halafu harusi ile ile inakwenda polepole kuliko kabla sijagusa kitu. Chukueni kalamu muone. Kabla ya uchawi wenu, ikiwa na mzigo wote ilikuwa inakimbia 3.6 kwa volti kama 1.2. Joto linalotolewa na prosesa linafuata mwendo mara volti mara volti tena. Kutoka 1.2 na 3.6 kwenda 1.4 na 4.1, mwendo umepanda kama asilimia 14, joto limepanda zaidi ya asilimia 50. Na feni niliyonayo ni ile fupi ya kwenye boksi, imetengenezwa kwa prosesa ya wati 65. Nani kati yenu aliniuliza nina feni gani?

Kuna mmoja simtaji, anajijua. Alisema yake inakaa nyuzi 71 kwa feni hiyohiyo ya boksi, kwa hiyo lazima nimekosea kupaka pesti, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye feni. Nikafungua. Nikafuta kwa spiriti, nikapaka upya, tone moja katikati kama punje ya choroko, nikafunga skrubu nne kwa kupishanisha. 95. Nikafungua tena, nikapaka tena. 95. Bomba la pesti la 15,000 limeisha. Siku nne baadaye, kwenye uzi mwingine kabisa wa bei ya viazi, ndiyo namwona anaandika kwamba yuko Njombe.

Njombe, wakuu!

Mimi niko Kimara, chumba cha bati, silingibodi hakuna, Februari, kipimajoto cha ukutani kinasoma 34 saa tisa alasiri. Feni ya prosesa haitengenezi baridi, inapuliza hewa ileile ya chumbani. Chumba changu kikiwa 34 na chake 20, prosesa yangu imeshaanza nyuzi 14 mbele yake kabla hatujagusa volti. Na volti zake, nilipombana, kumbe ni 1.3. Hilo nalo hakulisema.

Aliyenitoa kwenye hili shimo ni mgeni mwenye posti nne humu. Nne! Aliuliza kwa adabu: "Samahani mkuu, hizo RAM zako ni za aina moja?" Mkamcheka. Kuna aliyemjibu, "soma uzi kwanza, tunaongelea prosesa." Na mimi sikumjibu, nilikuwa bize kupaka pesti.

RAM zangu hazikuwa za aina moja. Kijiti kimoja ni cha zamani, cha mwendo wa 2666. Cha pili nilikinunua baadaye, kimeandikwa 3200. Nilipowasha XMP bodi ikasoma profaili ya kijiti kipya na kukilazimisha kile kizee kikimbie 3200 nacho. Na prosesa hii yenyewe AMD wameiandikia mwisho 2933, juu ya hapo ni bahati yako. Nikachukua flashi, nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, nikaiwasha kompyuta kutoka hapo. Hazikupita dakika 20 skrini ikajaa mistari myekundu. Nikazima XMP, zikarudi zote 2666, nikaiacha usiku kucha. Raundi nne, kosa hata moja hakuna. Wiki tatu nimeichoma prosesa kwa kosa la RAM.

Kosa langu hapa ni kwamba niligusa vitu viwili usiku mmoja, na kwenye uzi nikataja kimoja. Hilo nabeba. Ila swali la yule mgeni lingekuwa la kwanza badala ya la 47, nisingefika 1.45.

Baada ya hapo nilianza upya, peke yangu, bila kumuuliza mtu. Ratio 36, kila kitu kama kilivyokuja, nikapima joto. Nikapandisha ratio kwa hatua ya 0.25, Cinebench dakika kumi, naandika joto kwenye daftari la wateja. Ikiganda, nashuka hatua moja au naongeza volti kidogo sana, kimoja kwa wakati. Siku mbili za jioni. Prosesa yangu, hii hapa niliyonayo mimi, imekubali 3.9 kwa volti 1.275, nyuzi 86 mchana na feni ya mezani ikipuliza keisi iliyo wazi. 4.0 inakubali kufungua Windows na kupiga skrinishoti. Kurenda haikubali. Chipu yako inaweza kukubali 4.1, ya jirani yako ikafia 3.8, zimetoka kiwandani hivyo, hakuna namba ya kurithishana.

Harusi sasa inarenda dakika 67. Nimeokoa dakika tano. Ziwekeni kwenye mizani na 120,000 ya bodi, 15,000 ya pesti, na mteja mmoja aliyehamia kwa kijana wa Ubungo.

NYONGEZA, saa tano usiku: Naona mmeshaanza. Anayesema ninunue kupoza kwa maji, tuma hela. Anayesema pawa saplai yangu ya bei rahisi ndiyo tatizo, hilo nimelipima: fundi aliweka mita kwenye waya wa njano, ule wa volti 12, kompyuta ikiwa na mzigo, ikasoma 11.7, na inaruhusiwa kushuka mpaka 11.4. Haijanifurahisha, ila imo. Anayesema nilikuwa natumia vibaya, lete picha ya yako ikiwa na Prime95 nusu saa, joto lionekane, na kipimajoto cha chumba pembeni. Na andika uko mkoa gani.