Mjadala: Nobel ya jicho la kamera ya dijitali ilikwenda kwa wenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili kwa hoja.

Mwaka 2009 Tuzo ya Nobel ya Fizikia iligawanywa mafungu mawili. Nusu alipewa Charles Kao kwa kazi yake ya nyuzi za kioo zinazosafirisha mwanga, ndizo hizi zinazobeba intaneti. Nusu ya pili wakagawana Willard Boyle na George Smith wa Maabara ya Bell, New Jersey, Marekani, kwa kuvumbua CCD, kihisi kilichoiondoa filamu ndani ya kamera. Kamati ilisema wazi kwamba inawatuza kwa uvumbuzi wa saketi ya semikondakta (nyenzo kama silikoni, inayotengenezewa chipu) inayopiga picha.

Hapo kwenye "inayopiga picha" ndipo ninapokwama.

Oktoba 1969 Boyle na Smith hawakuwa wakitafuta kamera. Mkubwa wao, Jack Morton, alikuwa amevutiwa na teknolojia ya kuhifadhi data kwa viputo vya sumaku, akambana Boyle: watu wa semikondakta walete kitu cha kushindana nayo, la sivyo fedha zitahamia upande ule mwingine. Boyle akamwita Smith ofisini, wakasimama mbele ya ubao, na kwa muda wa saa moja hivi mchoro ulikuwa tayari. Walichochora kilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta. Chaji za umeme zinakaa kwenye visima vidogo ndani ya silikoni, kisha zinasogezwa kisima hadi kisima mpaka ukingoni zinakopimwa, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Ni wazo zuri mno, na simpunguzii mtu hata chembe ya sifa yake. Lakini ndoo zinazopokezanwa bado hazijawa picha.

Aliyezifanya ziwe picha ni Michael Tompsett, Mwingereza aliyekuwa kwenye maabara hiyohiyo. Kabla ya hapo alishafanya kazi ya vifaa vya kuona joto, kwa hiyo alijua maswali ambayo mtu wa kumbukumbu za kompyuta hajiulizi. Kwa mfano hili: ndoo zinapohama, mwanga hauachi kuingia. Ukiziacha zihame huku bado zinamulikwa, picha inatoka na michirizi. Tompsett akatenga sehemu mbili kwenye chipu, moja ya kupokea mwanga na nyingine iliyofunikwa gizani. Picha nzima inahamishiwa gizani haraka, halafu inasomwa taratibu. Hataza yake (hati ya haki ya mvumbuzi) ya vifaa vya kupiga picha kwa kuhamisha chaji iliombwa 1971 na kutolewa 1978, na jina lililoandikwa ni lake peke yake. Januari 1973 picha ya rangi ya mkewe, iliyopigwa kwa CCD, ilikuwa kwenye jalada la jarida la Electronics.

Sasa nauliza: ukimtuza mtu kwa kifaa kinachopiga picha, unamwachaje aliyekifanya kipige picha? Msimamo wangu ni kwamba Tompsett alidhulumiwa. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Fizikia

Mkuu, umeieleza vizuri, ila natofautiana na wewe.

Boyle na Smith walichapisha makala yao Aprili 1970 kwenye jarida la kiufundi la Bell. Humo wametaja matumizi ya kifaa chao, na kupiga picha ni mojawapo. Kwa hiyo si kweli kwamba walikuwa na kumbukumbu ya kompyuta tu vichwani mwao. Na mtu yeyote wa semikondakta anajua kwamba silikoni ikipigwa na mwanga inaachia elektroni. Ukishakuwa na kifaa kinachokusanya elektroni kwenye visima na kuzihesabu kwa mpangilio, picha imeshabisha hodi mlangoni. Bell wenyewe walikuwa wakihangaika na simu ya video miaka hiyohiyo, walihitaji kamera ndogo, na Boyle na Smith hawakuishi kisiwani.

Kuna jingine ambalo hukulitaja. Jarida lileile la Aprili 1970 lina makala ya pili, ya majaribio ya kwanza yaliyothibitisha kwamba wazo linafanya kazi. Waandishi ni Gilbert Amelio, Tompsett na Smith. Smith yumo. Hakuwa mtu wa kuchora ubaoni na kuwaachia wengine jasho.

Tuzo ya fizikia inatafuta pale ambapo kitu kisichokuwepo kimeanza kuwepo. Hayo ya kutenga eneo la mwanga na eneo la giza ni uhandisi, na ni uhandisi wa hali ya juu, nakubali. Lakini mto unaitwa kwa chemchemi yake.

Mleta mada

Mwalimu, nashukuru kwa makala ya 1970, na hapo nakubali kwamba nilipita upande mmoja. Niliposema hawakuwa wakitafuta kamera nilimaanisha siku ile ya ubao. Kufikia Aprili picha ilishaingia kwenye maandishi yao.

Hata hivyo kutaja kitu kwenye orodha ya matumizi hakulingani na kukitengeneza. Kama kutaja kunatosha, basi turudi nyuma zaidi. Mwaka 1957 Russell Kirsch, kwenye taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, aliingiza picha ya mwanawe mchanga ndani ya kompyuta, pikseli (vinukta vinavyounda picha) 176 kwa 176. Picha ya dijitali ilikuwa imeshazaliwa miaka kumi na miwili kabla ya ubao wa Boyle. Kilichokuwa kinasubiriwa ni kifaa kimoja kinachoipata moja kwa moja kutoka kwenye mwanga, na huo mlango kati ya wazo na kifaa ndio Tompsett aliufungua.

Na sikubali neno "uhandisi" litumike kama kiti cha nyuma. Kamati yenyewe imetuza saketi, na saketi ni uhandisi.

Fundi wa Kamera

Ndugu zangu, nawasoma tangu juu na naona mnagombania farasi aliyeshastaafu. Mimi nafungua kamera na simu kila siku ya kazi. CCD siioni tena isipokuwa kwenye vifaa vya zamani. Kihisi kilichomo kwenye simu unayosomea hapa ni CMOS, na ni uvumbuzi wenye ukoo mwingine kabisa.

Tofauti yake ni hii. Kwenye CCD ndoo zote zinapokezanwa mpaka kwenye mlango wa kupimia. Ndoo ya mwisho inapita mikono mamia au maelfu, kwa hiyo kila mkono lazima uwe makini kabisa usimwage hata tone, na kazi hiyo inataka umeme mwingi na kiwanda chenye utaratibu wake maalumu. Kwenye CMOS kila pikseli ina transista zake za kukuza ishara palepale ilipo. Husafirishi ndoo, unapima kila kisima mahali pake. Umeme unaotumika ni kidogo, chipu inatengenezwa kwa njia zilezile za chipu za kawaida, na saketi nyingine zote za kamera zinakaa kwenye kipande kilekile cha silikoni. Bila hayo sahau habari ya kamera kwenye simu.

Haya, nani wa kushukuriwa? Wengi watasema Eric Fossum, ambaye miaka ya 1990 mwanzoni alikuwa JPL, maabara ya NASA huko California, akitafuta kamera nyepesi za vyombo vya angani. Ni kweli, yeye na wenzake ndio walioifanya CMOS iaminike, kwa sababu walihamisha chaji ndani ya pikseli yenyewe na kuipima mara mbili, kabla na baada, ili kelele, yaani ishara potofu zinazochafua picha, ijitoe. Lakini pikseli yenye kikuzaji ndani yake aliielezea Peter Noble, Mwingereza, kwenye makala ya 1968. Alfu moja mia tisa sitini na nane! Mwaka mmoja kabla ya ubao wa Bell. Tatizo likawa kwamba transista za wakati ule hazikufanana. Kila pikseli ilikuwa na kasoro yake na picha ikatoka na madoadoa yasiyohama. CCD ikaja, ikawa safi zaidi, dunia ikaenda nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na msimsahau Nobukazu Teranishi wa kampuni ya NEC, Japani. Mwaka 1980 alibuni aina ya fotodayodi (sehemu ya pikseli inayogeuza mwanga kuwa umeme) inayomwaga elektroni zake zote inaposomwa, isiache mabaki ya picha iliyopita. Ilibuniwa kwa ajili ya CCD, lakini leo imo ndani ya CMOS karibu zote. Kama mnataka kujua pikseli ya simu yako ni ya nani, mimi ningeanza na Teranishi kabla ya hao wote.

Kwa hiyo mleta mada, nakuunga mkono kwamba tuzo ilikosea, ila sababu yangu ni nyingine. Ilimtuza mshindi wa jana.

Mwalimu wa Fizikia

Fundi, hapo kwenye "jana" nakuzuia. Darubini ya Hubble ilirushwa 1990 ikiwa na CCD. Miongo mizima ya sayansi ya nyota imejengwa juu ya hizo ndoo, kwa sababu mwanga wa galaksi ya mbali unakuja kidogokidogo na CCD nzuri inanasa sehemu kubwa ya hicho kidogo. Tuzo ya fizikia ilikuwa na kila haki ya kuangalia upande huo.

Mhandisi, mvumbuzi asiyetajwa

Samahani kaka zangu, naingia kwa uchungu kidogo. Nilifanya kazi mahali ambapo nilitatua tatizo la kusafisha kelele kwenye picha za mwanga hafifu. Nililala na tatizo hilo karibu mwaka mzima. Ombi la hataza lilipotoka, jina la kwanza lilikuwa la mkuu wa idara na la kwangu halikuwemo. Nilipouliza nikaambiwa nimelipwa mshahara. Ndiyo maana habari ya Tompsett siisomi kama historia tu.

Mnazungumzia tuzo, lakini mnaisahau kampuni. Desemba 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunganisha kamera ya kwanza ya mkononi ya dijitali. Uzito wake kilo 3.6, picha ya pikseli 100 kwa 100, na sekunde 23 za kuiandika kwenye kaseti. Jicho lake lilikuwa CCD ya Fairchild, kampuni ambayo Amelio aliyetajwa na Mwalimu alikuwa ameshahamia. Mwaka uleule Bryce Bayer, wa Kodak vilevile, aliomba hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi, na kijani kikapewa nusu ya pikseli kwa sababu jicho la binadamu linategemea zaidi kijani kuona undani. Hataza ilitoka 1976. Kamera za simu mpaka leo zinapata rangi kwa mpangilio wake au kwa ndugu wa mpangilio huo. Kodak walikuwa na wavumbuzi hawa wawili ndani ya nyumba moja, wakaendelea kuuza filamu. Januari 2012 waliomba ulinzi wa kufilisika, na hataza zao za picha za dijitali, takriban 1,100, zikaishia kuuzwa kwa dola milioni 525.

Bayer alifariki mwaka huohuo wa 2012. Ni wangapi walijua jina lake? Kampuni inamiliki hataza, kamati inagawa medali, na mtu aliyekesha na tatizo anategemea kumbukumbu ya wenzake. Kwangu mimi swali la nani alipewa Nobel ni dogo kuliko swali la nani anaandika majina.

Mchangiaji mpya

Naomba kueleweshwa. Nasikia Nobel moja inaruhusu watu watatu. Boyle na Smith ni wawili. Kwa nini Tompsett hakuwekwa wa tatu, mambo yakaisha?

Mleta mada

Swali lako ndilo lenye kidonda, ndugu yangu. Watu watatu ni kwa tuzo nzima ya mwaka. Kamati ilichagua kuunganisha nyuzi za kioo na kihisi cha kamera, mambo mawili yasiyohusiana kikazi, na Kao akakaa kiti cha kwanza. Vikabaki viwili. Kama CCD ingetuzwa mwaka wake peke yake, kiti cha tatu kingekuwepo. Ndiyo maana siwalaumu Boyle na Smith hata kidogo. Na kanuni za Nobel hazina rufaa, kwa hiyo hakuna pa kupeleka malalamiko.

Dada Mhandisi, pole sana kwa yaliyokupata. Umenifanya nirekebishe mada yangu. Nilikuja na jina moja la kutetea, na sasa naona hoja yangu ilipaswa kuwa juu ya namna ya kuhesabu. Angalia mwaka 2017: Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi, Uingereza, ilitolewa kwa vihisi vya picha na ikawataja wanne, Smith, Tompsett, Teranishi na Fossum. Boyle alikuwa ameshafariki 2011. Hiyo ndiyo sura ninayoiona ni ya haki zaidi: wazo, picha, pikseli safi, na kamera ndani ya chipu moja, kila hatua na mtu wake.

Mwalimu, je, orodha hiyo ya wanne unaikubali, au bado unasema chemchemi ni moja? Na Fundi, nakuachia wewe la Peter Noble, maana hata mwaka 2017 hakuwemo. Mtu aliyesema sawa mwaka 1968, lakini viwanda vya wakati wake havikuweza kutengeneza alichosema, tumwandike wapi?