Bosi kaniandikia "egregious": nishukuru au niombe radhi?

Wakuu, salaam. Mimi ni karani wa ankara kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Juzi mteja wa mabati alitakiwa kulipa 450,000, mimi nikaongeza sifuri moja, ikasomeka 4,500,000. Alikuja juu, acha tu. Leo bosi kanitumia barua pepe ya mstari mmoja, ndani yake "egregious error". "Error" naijua. Hilo la mbele ndilo limenitoa jasho. Jamaa wa stoo kafungua kamusi kuukuu ya marehemu baba yake, eti maana yake "mashuhuri, aliyetukuka". Nijibu asante, au nifungashe virago?

Mla Mihogo: Usithubutu kusema asante 😂 Umeambiwa kosa la kupindukia, la wazi kila mtu analiona.

Bi Kisima: Msimcheke jamaa wa stoo, kamusi yake haikudanganya. Asili ni Kilatini, "egregius": "e" ni nje ya, "grex" ni kundi la mifugo. Yaani aliyejitokeza nje ya kundi kwa ubora wake. Lilipoingia Kiingereza karne ya 16 lilikuwa sifa, halafu watu wakaligeuza, inadhaniwa kwa kejeli, kama mama anavyomwambia mtoto aliyevunja sahani, "Hongera, mwanangu!" Ile maana nzuri ikapotea. Hata "congregation", kusanyiko la waumini, na "segregation", kubagua watu, mna kundi hilohilo ndani.

Upepo wa Kusi: Mie niko hotelini Malindi, Waitaliano tele. Barua zao rasmi huanza "Egregio Signore", na ni heshima tupu. Mara ya kwanza nilidhani mgeni anamtukana meneja wetu.

Mla Mihogo: Kwa hiyo Kiswahili chake ni "kosa lililokubuhu"?

Bi Kisima: Hapana bwana. Kubuhu ni mazoea, kama mwizi aliyekubuhu. Mwenzetu kakosea mara moja. "La kupindukia" linatosha. Wewe karani, kiri kosa, ambatisha ankara iliyosahihishwa, usijieleze kurasa tatu. Na mteja mpigie simu mwenyewe.

Mleta mada: Ahsanteni sana. "Thank you, sir" ilikuwa tayari imeandikwa, imebaki kutuma tu. Nimeifuta. Ankara mpya hii hapa mezani, jamaa wa stoo ananihesabia sifuri.